Polisi wa Figo Zetu

Jumatano, 5 Machi 2003

Shajara hii nimepewa na wakala wa mbolea. Juu ya kila ukurasa kuna nasaha. Ya leo: "Pima udongo wako kabla ya kupanda." Esnath kaisoma begani kwangu, kasema: hata mbolea inakusema wewe, mume wangu.

Nakwenda kwa daktari, nakwenda. Nitapima.

Jana mkojo ulitoka mwekundu kama maji ya rozela. Mara ya tatu tangu Krismasi. Nilisingizia bitiruti. Esnath akasema mwaka huu bitiruti haijaingia nyumba hii. Kweli. Mwanamke huyu anakumbuka kila kilichopita mdomoni mwangu tangu siku ya harusi.

Kaka Lugano tumemzika Januari. Hamsini na mbili. Daktari wa Mbeya aliandika kwenye karatasi: figo zimejaa vifuko vya maji, ugonjwa wa kurithi, ndugu wapimwe. Baba alikufa na hamsini na nne, tumbo limemtangulia kama mama wa miezi saba. Babu — huyo tuache kwanza. Mimi Agosti natimiza hamsini. Sihitaji kikokotoo.

Na katikati ya yote haya — posa! Elina wangu, miaka ishirini na nne, ticha wa shule ya msingi, ulimi wa mama yake, kaposwa na Nelson wa kijiji cha Masoko. Watu wa ndizi na kahawa, watu wazuri, hawana neno. Wazee wao wanakuja Jumamosi tarehe 22. Siku hiyo ng'ombe wa mahari hawatajwi. Siku hiyo ni ya kuulizana tu. Kwenu kuna wizi? Kuna kichaa? Kuna ugonjwa wa ukoo?

Elina anajua baba yake mkubwa kafa kwa figo. Figo basi. Lile neno "kurithi" nimelikunja mfukoni pamoja na karatasi ya daktari. Koti lenyewe la mtumba, mfuko wake una tundu. Nashangaa neno halijaanguka bado.

Alhamisi, 6 Machi 2003

Bahasha ya Atupele imefika na basi la Mbeya! Huyu nilimfundisha hapa hapa Tukuyu. Leo anasomea protini huko Uholanzi. Mwanafunzi akimpita mwalimu, mwalimu husema "mimi nilijua." Sikujua lolote. Kwenye ripoti yake niliandika: anaongea mno.

Kurasa kumi na moja za habari za figo, na barua. Nimezisoma kutwa — vipindi vitatu vya bure na kimoja ambacho hakikuwa cha bure. Kidato cha Pili walifurahi.

Niandike nilivyoelewa. Nikikosea, humu hakuna mkaguzi.

Protini ni mkufu wa shanga. Jinsi ya kutunga mkufu imeandikwa kwenye jeni. (Jeni, si jini. Ingawa kwa ukoo wetu tofauti ni ndogo.) Ndani ya figo mna mirija midogo isiyo na idadi, mkojo unapita humo. Kila seli ya mrija ina kinywele kimoja kimechomoza kwenye mkondo, kama unyasi ukingoni mwa mto Kiwira. Kwenye kinywele hicho wamekaa protini wawili: polisistini wa kwanza na polisistini wa pili.

Wa kwanza ni mrefu, jamani! Shanga elfu nne na mia tatu. Kichwa kiko nje kinasikilizia, mwili unapenya ukuta wa seli mara kumi na moja, ndani nje ndani nje, kama fundi anashona gunia la kahawa. Mkia uko ndani. Wa pili ni mfupi, yeye ni mlango wa kalisiamu. Mikia yao imesokotana. Mkojo ukipita, kinywele kinapinda. Wa kwanza anahisi, wa pili anafungua, kalisiamu inaingia chembe tu, na seli inapata habari: mambo shwari, tulia, usizaane ovyo.

Sasa sisi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba, moja ya mama. Yetu ya baba mbovu. Basi ya mama inalinda peke yake, miaka na miaka. Halafu katika seli moja huku, nyingine kule, na ya mama inaharibika. Seli hiyo haisikii tena mkondo. Inaanza kuzaana. Inajaa maji. Inakuwa kifuko. Vifuko vinakua na kusukumana mpaka unabaki na mfuko wa vifuko, figo hamna.

Mtoto wa mgonjwa: sarafu inarushwa. Kichwa au mwenge. Nusu kwa nusu.

Kurasa mbili tatu nimezisoma mara nne nne. Ile ya sarafu nimeisoma mara moja tu, na macho yangu yamegoma kuirudia.

Jumapili, 9 Machi 2003

Baada ya ibada, nimekwenda kijijini Kinyala kwa Shangazi Alinanuswe. Dada wa baba. Sabini na nane, ana meno mengi kuniliko, anapanda kilima mimi nikiwa bado natafuta fimbo. Sarafu yake iliangukia upande mzuri, hilo halihitaji mashine.

Nilikwenda kumuuliza habari za babu. Kanikaribisha mbalaga, ndizi za kupikwa, kaniambia nimenenepa kiunoni. Si unene ule.

Kasimulia. Enzi hizo mtu mkubwa akifa kifo cha kutiliwa shaka, tumbo lilifunguliwa wazi mbele ya watu, waone kama kauawa kwa uchawi au yeye mwenyewe alikuwa anafuga chatu tumboni. Maana nguvu hizo, walisema, ni za kurithi. Yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, alichungulia katikati ya miguu ya watu wazima. Wakamfungua babu. Wakakuta mayai! Huku rundo, huku rundo, meupe, mengine makubwa kama ya bata. Mzee mmoja akapiga kelele: chatu ametaga!

Tangu siku hiyo tukawa watu wa mayai. Majirani walihamisha nyumba. Wakaacha kuchota maji kwenye kisima chetu. Shangazi mwenyewe aliolewa mbali, na hata huko jina lilitangulia.

Nikamwambia: "Shangazi, yale hayakuwa mayai. Vilikuwa vifuko vya maji. Ni ugonjwa. Kuna polisistini—"

"Polisi?"

"Polisistini."

"Polisi wa wapi?"

"Wa kwenye figo, Shangazi."

Kanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama gari limeegemea mtaroni. "Tata, mwanangu, serikali hii ya sasa imeuza kila kitu, lakini polisi kwenye figo?"

Nikaona nimfuate huko huko aliko. Nikasema sawa, ni polisi. Wamesimama mlangoni, kazi yao kusikiliza mkojo ukipita. Katika ukoo wetu tumerithi polisi waliolala. Wakilala, maji yanajaa.

Kisha kapiga paja. "Kwa hiyo baba yangu hakuwa na chatu."

"Hakuwa."

"Alikuwa na polisi wamelala."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndaga fijo, mwanangu." Kanishukuru hivyo kwa lugha yetu, akalia kidogo. Halafu akajifuta, kaniuliza kama polisi hao wanaweza kuamshwa kwa kahawa.

Nimerudi Tukuyu nimefurahi mno. Mwalimu mzuri mimi! Miaka sabini ya aibu nimeiondoa kwa mfano mmoja.

Jumanne, 11 Machi 2003

Mvua. Kidato cha Nne nimewaeleza vinywele vya figo. Nimewapanga mstari, waliokaa dirishani wapinde mikono upepo ukipita. Mkuu wa shule kapita, kauliza ni kwaya? Nikasema ni figo. Kaondoka haraka.

Ijumaa, 14 Machi 2003

Nimepimwa. Ngoja niandike taratibu.

Zahanati ni ya mtu binafsi, mpya, ndani ya duka la zamani la ushirika. Siku hizi kila biashara ni ruksa, hata rafu za sukari bado zimo, zimepangwa dripu. Mpimaji ni Jaffari — Jaffari wangu! Kidato cha Tatu, 1989, dawati la nyuma. Kanipa shikamoo ya nguvu, kanilaza kitandani, kanipaka tumboni uji wa baridi.

Mashine ni mtumba kutoka Ulaya. Kaiwasha. Ikapiga mluzi. Kwenye kioo ikatokea picha ya ng'ombe.

"Jaffari."

"Usijali, Mwalimu. Ilikuwa inapima ng'ombe wenye mimba. Upande wa binadamu umekufa, unagoma kufunguka. Lakini ng'ombe naye si ana figo?"

Mashine ikauliza mimba ina miezi mingapi. Jaffari akaandika sifuri. Nikalala pale, miaka arobaini na tisa, digrii moja, nakaguliwa kama ng'ombe wa mahari.

Akapitisha kidude upande wa kulia. Akanyamaza. Akapitisha kushoto. Akanyamaza zaidi. Jaffari hakuwahi kunyamaza darasani hata siku moja.

"Mwalimu," akasema, "unakumbuka ule mtihani wa figo?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Nilichora figo nikaijaza duara duara, maana sikuwa nimesoma. Ukanipa sifuri. Ukaandika kwa kalamu nyekundu: Hii ni figo au mayai?"

Akanigeuzia kioo.

Duara duara. Nyeusi, kubwa na ndogo, zimebanana. Kulia vile vile, kushoto vile vile. Nilitafuta figo niliyoifundisha miaka ishirini na mitatu, ile ya kitabuni, yenye umbo la haragwe. Hamna.

"Mchoro wangu ulikuwa sahihi, Mwalimu," akasema Jaffari, polepole, sauti si yake. "Uliwahi tu."

Nikacheka. Walahi nilicheka, tumbo likatikisika na vifuko vyangu vyote vikacheka kwenye kioo. Nikamwambia sina kalamu nyekundu hapa, nitakurekebishia. Naye kacheka. Kisha kanifuta uji kwa taulo, taratibu, kama anamfuta baba yake.

Daktari wa pale kanipa vidonge vya presha, kasema chumvi basi, maji mengi, na figo bado zinajitahidi. Miaka kadhaa. Kadhaa ngapi? Kasema kadhaa. Na kaandika tena yale yale ya daktari wa Mbeya: watoto wapimwe.

Ninaye mmoja.

Jumamosi, 15 Machi 2003

Nimemwambia Esnath. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Kamaliza kichane chote. Ndipo kasema: "Elina je?"

Nikasema tusubiri wazee wa Masoko wapite.

"Wapite wapi?"

"Wapite tu. Posa iishe. Halafu tumwambie kwa utulivu."

Kaniangalia. "Mimi nimemzaa. Hicho umempa wewe. Utamwambia wewe." Kisu kikaingia kwenye ndizi nyingine.

Elina kaja saa nne, anaimba, kanipima tai mbili shingoni, ipi nivae siku ya wageni. Nikachagua ya bluu. Hayo ndiyo yote niliyoyasema.

Jumatano, 19 Machi 2003

Lo! Lo! Lo!

Nimekutana na Mzee Asajile sokoni, kwenye viazi. Huyu ndiye mshenga wa Masoko, mdomo wao rasmi, kofia haimtoki hata kanisani. Kanivuta pembeni.

"Mwalimu, tumesikia."

Moyo ukashuka mpaka kwenye vifuko.

"Tumesikia habari ya polisi na urithi."

"Polisi na—?"

"Shangazi yako ameongea kwenye kikundi cha akina mama Kinyala. Polisi wameingia kwenye ukoo, mambo ya kurithi, babu yenu kasafishwa jina. Mwalimu, usione haya. Kesi za mirathi ziko kila nyumba. Ni shamba la marehemu Lugano, siyo?"

Nikamwelewa. Ugonjwa wa kurithi umekuwa urithi. Polisistini amekuwa polisi. Vikachanganywa njiani kati ya Kinyala na Masoko, na kilichofika huko ni kesi ya shamba! Mfano wangu ule mzuri! Mwalimu mzuri mimi!

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Ndipo akasema: "Sisi kesi hatuogopi. Kesi huisha. Mzee wetu anaogopa kitu kimoja tu, ugonjwa wa damu ya ukoo. Unajua bibi yake alikuwa wa Kinyala, alimjaza hadithi za ukoo fulani wa mayai." Akacheka. "Mambo ya kale hayo."

Nikafunga mdomo.

Nikasema: "Ndiyo. Ni shamba."

Nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji.

Alhamisi, 20 Machi 2003

Nasaha ya mbolea leo: "Usipande mbegu usiyoijua." Nitamrudishia wakala shajara yake.

Nimelitengeneza shamba. Liko bondeni, lina migomba, mpaka wake ni mparachichi. Mlalamikaji ni binamu. Nimempa jina binamu, nimempa na kikohozi. Shamba la uongo linastawi kuliko yangu yote ya kweli.

Hoja yangu ni hii: simdanganyi Elina. Nawadanganya Masoko. Elina simwambii tu. Nimeiandika ili nione inavyoonekana. Inaonekana vibaya.

Jumamosi, 22 Machi 2003

Walikuja saa tano. Mzee Asajile na wazee wawili. Mmoja mrefu, ba'mkubwa wa Nelson, ndiye mwenye bibi wa Kinyala. Nelson hakuja, desturi haimruhusu. Shangazi Alinanuswe alifika kabla ya wote, kitenge kipya, kakaa kiti cha mbele kama jaji. Tai ya bluu ilinikaba.

Salamu zikazunguka. Hali ya mvua. Hali ya kahawa, wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake. Chai. Ndipo Elina akaingia na beseni na jagi, awanawishe wageni mikono. Akaanza na yule mrefu.

Mzee Asajile akakohoa. "Mwalimu, kabla ya kula tuondoe mwiba. Lile jambo la polisi. Hatuliogopi, tueleze tu limefikia wapi."

Shamba langu lilikuwa tayari, limepaliliwa. Nikasema: "Ni kweli kuna shamba la marehemu kaka—"

"Shamba gani?" Shangazi.

"Shangazi, nitaeleza."

"Lugano fundi cherehani, hata tuta la mchicha hakuwa nalo! Shamba gani?"

"Shangazi—"

"Polisi ni wale wa kwenye figo! Waambie, tata, kama ulivyoniambia mimi! Wamelala! Walilala kwa baba yangu, wakalala kwa baba yako, wakalala kwa Lugano! Waambie!"

Mzee mrefu akasema polepole: "Polisi... kwenye figo?"

Elina alikuwa bado anamimina. Alinitazama mimi, na jagi likaendelea kumimina. Beseni likajaa. Likafurika, maji yakashuka kwenye suruali ya mgeni, kwenye viatu, sakafuni, na mzee mwenyewe wala hakuondoa mikono. Maji yanapita, hakuna anayehisi. Nilifikiri, hee, ndiyo hii sasa. Ndivyo ilivyo ndani yangu.

Nikavua tai.

Nikasema yote. Karatasi ya Mbeya. Mashine ya ng'ombe — Esnath pekee ndiye aliyecheka, kicheko cha pua. Vifuko kulia, vifuko kushoto. Kwamba si laana, si uchawi, ni shanga zilizokosewa kutungwa tangu tumboni mwa mama. Kwamba hauambukizi. Kwamba nilitaka kuwadanganya kwa shamba lenye mparachichi, na samahani.

Elina akaweka jagi chini. "Na mimi?"

"Nusu kwa nusu."

"Umejua lini?"

"Karatasi, Januari. Mashine, Ijumaa."

"Ijumaa ya jana?"

"Ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa vidole, mbele ya wageni, kama anavyowahesabia darasa la kwanza. "Siku nane, Baba. Siku nane umechagua tai."

Akatoka. Tulimsikia anafunga mlango wa chumba chake bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Mzee mrefu akafuta mikono kwenye koti. "Kwa hiyo yale mayai ya Kinyala..."

"Yalikuwa maji, mzee wangu."

"Maji tu?"

"Maji tu."

"Bibi alitukataza kisima chenu. Tulikuwa tunapanda mlima mzima kwenda kingine." Akatikisa kichwa. "Mlima mzima, kwa ajili ya maji!"

"Basi mtuombe radhi!" Shangazi karuka. "Na kisima kimekwishajifukia, mje mkizibue!"

Hata Mzee Asajile alicheka, kofia ikatikisika. Walikula mbalaga yote. Lakini walipoondoka walisema: "Tutakwenda tukae, tuzungumze." Sikuwauliza watakaa muda gani. Aliyesimamisha shamba hewani hana haki ya kuuliza maswali.

Jumapili, 23 Machi 2003

Elina hasemi nami. Anasema na Esnath, Esnath ananiletea. "Anasema chumvi ikae mbali na wewe." Nimeshukuru kwa njia hiyo hiyo.

Jumatatu, 24 Machi 2003

Nyuma ya bweni la shule kuna jiwe moja, ukipanda juu yake simu inashika mtandao. Ukishuka, inakata. Leo jioni nimemwona Elina juu yake, anazungumza, mkono mmoja unakwenda hewani. Akashuka. Akapanda tena. Akakaa, akaacha simu mapajani, akapanda tena. Robo tatu ya saa. Nilikuwa dirishani nasahihisha madaftari. Nimempa mtoto mmoja alama saba kati ya tano.

Jumatano, 26 Machi 2003

Kaniletea chai mwenyewe. Kaiweka, kasema: "Nieleze."

Nikadhani ni hasira. Alitaka somo! Nikamchorea mrija, kinywele, wa kwanza na wa pili, mikia yao. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya Kidato cha Nne. Kama wa kwanza ni mbovu, wa pili anafanya nini? Anabaki na mlango, hajui aufungue lini. Dawa iko? Haiko, wanatafuta, Atupele ni mmoja wa wanaotafuta. Kama ninao, nitaona lini? Kwa umri wake, mashine inaweza kuonyesha tayari. Isipoonyesha, si hakika kamili, ila ni dalili nzuri.

"Na Nelson anasemaje?" nikachungulia.

"Nelson anasema yake. Wazee wake bado wamekaa." Akanywa chai yangu. "Ijumaa nakwenda kwa Jaffari. Utanisindikiza, lakini hutaingia."

Ijumaa, 28 Machi 2003

Naandikia kwenye benchi la zahanati, barazani. Mvua inamwaga kama iliyotumwa. Nelson yupo, mwavuli mmoja na viatu vya kanisani. Kanisalimia "shikamoo, Baba". Baba, si Mwalimu. Nimelitafuna neno hilo, sijui ni la adabu au la ahadi. Kaniuliza kama hivyo vinywele vinaonekana kwa macho. Nikasema hapana. Kakaa. Anakunja mwavuli, anakunjua.

Elina ameingia. Mluzi wa mashine. Halafu kicheko chake — amemwona ng'ombe. Nimecheka nami huku nje, Nelson kanitazama.

Sasa kimya.

Jaffari hakuwahi kunyamaza darasani hata siku moja.

Bado kimya. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Mlango. Jaffari katoka wa kwanza, anaangalia dari, anaangalia mvua, anaangalia rafu za sukari, kila mahali isipokuwa mimi. Nikasema: "Jaffari." Kasema: "Mwalimu, nimeapishwa." Karudi ndani.

Elina kaja nyuma yake, anajifuta uji tumboni kupitia blauzi. Uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Nimesimama. Nelson kasimama.

"Vipi?" nimesema.

"Siku nane, Baba."

"Nini?"

"Ulinificha siku nane. Na mimi nakuficha siku nane. Jumamosi ya wiki ijayo nitakwambia."

"Elina!"

"Chagua tai."

Kamvuta Nelson mkono, wamekwenda mwisho wa baraza. Kamnong'oneza. Muda mrefu. Nelson hakusema neno, kainama, kamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea, kafunga mafundo mawili. Hilo lina maana gani? Mtu anafunga kiatu kwa habari njema au mbaya? Miaka ishirini na mitatu ya baiolojia, na hakuna ukurasa.

Sasa Elina karudi, kakaa kando yangu. Tunasubiri mvua. Ana karanga kwenye karatasi. Anakula moja moja. Nimejaribu kumsoma mkono, shingo, namna anavyotafuna. Anajua namsoma, anatafuna taratibu zaidi.

Ameuliza ninaandika nini. Nimesema: maelezo ya polisi.

Amecheka. Kicheko cha kweli kabisa, kichwa nyuma, kile cha utotoni. Halafu katikati yake macho yamejaa maji, na bado anacheka, na ameegemeza kichwa kwenye bega langu, ananiwekea karanga kiganjani, anasema: bila chumvi, Baba, nimekuchagulia.